Risiva za stirio za mtumba: soma mgongo kabla ya uso

Risiva za stirio za miaka ya 1970 zina bei mbili huku ughaibuni. Ya kwanza ni ya mtandaoni, ya watu wanaojua wanachouza: Marantz 2270 imesafishwa ikasafishika, taa zake za buluu zinawaka, na mwenyewe anataka dola mia nane wala hapunguzi. Ya pili ni ya mzee anayehamia nyumba ndogo na anayetaka gereji iwe tupu kabla ya Jumapili. Mwongozo huu ni wa bei ya pili, kwa mtu mwenye kodi ya kulipa, ada za wadogo zake, na zile simu za mwisho wa mwezi kutoka nyumbani.

Kwa ambaye hazijui kwa jina: ni ile redio pana ya uso wa alumini na ubavu wa mbao iliyokuwa sebuleni kwa mjomba aliyesoma nje, ambayo watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Ndani ya sanduku moja kuna redio ya FM na AM, amplifaya, na nyuma kuna matundu ya kuchomekea santuri, kaseti na kingine chochote. Ukiongeza spika mbili umemaliza.

Itazeekea wapi?

Watu huanza kwa kuuliza kama Pioneer ni bora kuliko Sansui. Kwetu sisi swali la kwanza ni jingine kabisa: hii risiva itazeekea wapi? Wengi wetu tunanunua vitu huku jicho moja liko nyumbani. Leo iko kwenye fleti Columbus au Leicester, kesho itakaa kwenye nyumba inayojengwa Kibaha au Kitengela. Kwa hiyo kabla hujaangalia uso, igeuze. Karibu na mahali waya wa umeme unapotokea kuna kibandiko au maandishi yaliyochapwa kwenye bati, na hayo ndiyo yatakayokuambia kama unanunua redio au unanunua tatizo.

Za soko la Marekani na Kanada zimeandikwa 120V 60Hz. Za Japani ni 100V. Za bara la Ulaya za enzi hizo ni 220V 50Hz, na za Uingereza ni 240V 50Hz. Nyumbani, Kenya na Uganda ni volti 240, Tanzania ni 230, zote kwa 50Hz. Aliyeko Uingereza basi amebarikiwa: risiva yake inafika nyumbani na kuchomekwa hivyo hivyo, hata plagi ya meno matatu ni ile ile. Aliyeko Oman au Dubai naye hana shida, umeme wa huko ni jamii moja na wetu. Aliyeko Ujerumani au Uholanzi yuko karibu. Risiva ya 220V itafanya kazi, ila itapata joto kidogo zaidi ya ilivyozoea, na kwa umeme wetu unaopanda na kushuka ni busara kuiwekea stabilaiza.

Wa Marekani ndiye mwenye kazi. Risiva ya 120V ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wa Dar es Salaam, utapata moshi kabla ya muziki. Itabidi utumie transfoma ya kushusha umeme. Angalia nyuma ya risiva imeandikwa inakula wati ngapi, kisha tafuta transfoma ya angalau mara mbili ya hizo, kwa sababu zile za bei rahisi hazibebi kile zilichoandikiwa. Na iwe transfoma ya kweli, nzito, yenye chuma ndani. Vile vibadilishi vyepesi vya safari vinavyouzwa viwanja vya ndege vimetengenezewa pasi na mashine za kukaushia nywele, na ukivichomekea chombo cha elektroniki unakiua. Kuna jambo jingine ambalo transfoma haiwezi kulirekebisha: tofauti ya 60 na 50 hezi inabaki. Transfoma iliyo ndani ya risiva, iliyosukwa kwa 60, ikipewa 50 chuma chake hujaa usumaku zaidi na hupata joto zaidi. Risiva nyingi huvumilia bila shida, lakini ipe nafasi ya kupumua.

Hapo inanilazimu niseme kuhusu vitambaa. Mama zetu wanapenda kufunika redio kwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa wanaweka chombo cha maua ya plastiki. Matundu ya juu ya risiva ndiyo pua yake. Ukipeleka risiva nyumbani, kaa na mama umweleze kwa adabu kwamba kitambaa kiwekwe wakati imezimwa tu, na maua yatafutiwe mahali pengine.

Kwa aliyeko Marekani, kitu cha kutafuta kwa bidii ni risiva yenye swichi ya kuchagua volti nyuma: 110, 120, 220, 240. Nyingi ya hizi ziliuzwa kwenye maduka ya kambi za jeshi la Marekani, yale yanayoitwa PX, huko Ujerumani, Japani na Asia ya Kusini-Mashariki. Askari alinunua stirio kwa bei isiyo na kodi, akarudi nayo kwao, na sasa ni babu anayegawa vitu. Ndiyo maana miji iliyo karibu na kambi za jeshi ni mizuri kwa uwindaji huu. Wauzaji wengi hawajui maana ya ile swichi na hawaitaji kwenye tangazo, kwa hiyo omba picha ya nyuma kila mara. Ukiipata, badilisha volti ikiwa imechomolewa ukutani, kisha soma fyuzi inayotakiwa kwa volti mpya. Kwa 240 fyuzi huwa ndogo, takriban nusu ya ile ya 120.

Kuna risiva nyingine zisizo na swichi lakini transfoma yake ndani ina nyaya za volti zote, na fundi anaweza kuhamisha. Jibu liko kwenye kitabu cha ufundi cha modeli hiyo. Tovuti ya HiFi Engine imehifadhi vitabu vya namna hiyo kwa maelfu, unajisajili na kupakua. Soma kabla ya kulipa.

Wati zinazokutosha

Kati ya mwaka 1971 na 1981 hivi, kampuni za Japani zilishindana kwa wati kama watu waliolewa. Pioneer ilifika mbali: SX-1980 ya mwaka 1978 ina wati 270 kwa kila upande na uzito wa kilo thelathini na kitu. Ni chombo cha ajabu, na si chako. Sikio halihesabu wati moja moja. Ukitoka wati 25 kwenda 50 unapata desibeli 3 tu za ziada, ambazo ni tofauti unayoisikia lakini haikushangazi. Kwenye fleti yenye jirani chini na jirani juu, muda mwingi utakuwa unatumia wati moja au mbili. Wati 15 hadi 35 zinatosha sebule ya kawaida, na zinatosha hata watu wakija kusherehekea Idi au Krismasi, mradi spika zisiwe za kivivu, zile zinazodai nguvu nyingi ndipo zisikike.

Bei, kinyume chake, inafuata wati na jina. Kwa hiyo mwenye bajeti anunue ngazi za chini za familia nzuri. Pioneer SX-450 ina wati 15, SX-550 ina 20, SX-650 ina 35. Yamaha CR-620 ina 35, na kwa maoni yangu ndiyo iliyopendeza kuliko zote kwa macho, nyeupe na mbao bila makeke. Harman Kardon 430 ina wati 25 na transfoma mbili, kila upande na yake. Technics, Kenwood, Onkyo, JVC na Rotel zote zilitengeneza risiva ndogo za heshima. Marantz za kizazi kile huandika wati kwenye namba yenyewe, 2215, 2230, 2245, 2270, lakini jina Marantz siku hizi linalipiwa peke yake; kwa pesa ya 2230 utapata Sansui au Kenwood yenye nguvu zaidi. Usidharau Realistic, iliyokuwa chapa ya maduka ya Radio Shack. Wapenda majina wanaipita, nawe unaokota.

Ukikuta wati zimeandikwa kwenye tangazo la kabla ya 1974, usiziamini haraka. Mwaka huo Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliweka kanuni kwamba wati zitajwe za mfululizo, pande zote mbili zikifanya kazi. Kabla ya hapo kila kampuni ilijipimia yenyewe, na namba zilikuwa za mdomo.

Modeli moja ya kuifikiria mara mbili ni Pioneer SX-780. Ni nzuri, wati 45, na inapatikana kirahisi. Lakini nguvu yake inatoka kwenye vipande vya STK, yaani sehemu ya mwisho ya amplifaya, ile inayosukuma spika, iliyofungwa ndani ya kipande kimoja, na vipande hivyo vya asili vimeacha kutengenezwa zamani. Kikiungua, utakachokipata mtandaoni huenda kikawa bandia. Risiva zenye transista za kawaida, fundi yeyote mzuri anaweza kuzifufua.

Na kama mfuko ni mwembamba kweli, kuna njia ambayo wapenda vitu vya zamani hawapendi kuitaja. Risiva nyeusi za miaka ya 1980 mwishoni na 1990, za Yamaha, Onkyo, Denon na Sony, hazina mbao wala taa za kuvutia, kwa hiyo hakuna anayezipiga picha. Zinauzwa kwa bei ya chakula cha watu wawili. Chagua ya stirio, yenye tundu la santuri, na utasikiliza muziki vizuri kwa miaka huku wenzako wakisaka Marantz.

Pa kuzitafuta

Marekani, anza na Facebook Marketplace na Craigslist, kisha maduka ya Goodwill, Salvation Army na ReStore ya Habitat for Humanity. Goodwill siku hizi hupeleka vitu vyake vizuri kwenye mnada wa mtandaoni, hivyo rafuni utabahatika mara chache kuliko zamani. Kanada kuna Kijiji na Value Village. Uingereza kuna Gumtree, masoko ya Jumapili asubuhi ya kuuzia kwenye buti za magari, na yale maduka makubwa ya British Heart Foundation ya fanicha na umeme, ambako vitu vya umeme hupimwa usalama kabla ya kuuzwa. Ujerumani ni Kleinanzeigen na masoko ya mitumba ya wikendi. Uholanzi ni Marktplaats na maduka ya kringloop. Uswidi ni Blocket na Tradera. Norwei ni Finn. Ufaransa ni Leboncoin na maghala ya Emmaüs. Emirati kuna Dubizzle, Oman kuna OpenSooq.

Ulaya utakutana pia na Grundig, Saba, Philips na Beomaster za Bang & Olufsen. Ni vyombo vizuri na mara nyingi rahisi kuliko vya Kijapani, ila matundu yake ya spika na santuri ni ya DIN, yale ya pini za duara. Adapta zipo na hazina gharama, lakini ziagize mapema.

Marekani kuna kitu cha kwao kinachotushtua sisi mwanzoni: mtu akifariki au akipelekwa nyumba ya wazee, familia inafungua nyumba nzima, inabandika bei kwenye kila kitu hadi mashuka, na watu wanapita chumba kwa chumba. Wapo wenzetu hawaingii, wanaona ni kama kugawana nguo za marehemu kabla ya arobaini. Nawaelewa. Lakini ndiko risiva zilikotulia chumba cha chini kwa miaka arobaini, mwenye nazo akiwa mtu mmoja tu, na mara nyingi siku ya mwisho bei hukatwa nusu.

Unapoandikia muuzaji, uliza maswali mafupi: pande zote mbili zinatoa sauti? Naweza kuja kuijaribu? Anayejibu kwamba inawaka ila hajapata nafasi ya kuijaribu, anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Ana ukuta wenye umeme na ana dakika mbili. Kama hajajaribu, ni kwa sababu alishajaribu. Lipa bei ya kitu kibovu au mwache. Usitume amana kwa mtu ambaye hujaonana naye, hata akikwambia kuna wengine watano wanaitaka. Mkilipana mtandaoni kwa PayPal, tumia malipo ya bidhaa yenye ulinzi. Yale ya kutumiana kati ya marafiki hayana pa kulalamikia.

Watu hushauriwa wakutane na wauzaji kwenye maegesho ya kituo cha polisi, na kwa simu ni ushauri mzuri. Kwa risiva hapana, hakuna pa kuchomeka. Nenda mchana, nenda na mwenzako, mwambie muuzaji mapema unakuja na nani na kwa gari gani. Sisi wenye rangi hii tukisimama barazani kwa mtu asiyetutarajia katika mtaa tusiojulikana, tunajua mambo yanavyoweza kwenda.

Kuijaribu

Beba mkoba mdogo: hedifoni na adapta ya jeki kubwa, waya wa kutoka simu kwenda kwenye matundu mawili ya rangi nyekundu na nyeupe, tochi, mita ya umeme, na ukiweza spika mbili ndogo ambazo hata zikiungua hutalia. Simu yako kama haina tundu la hedifoni, beba na kile kiunganishi chake.

Kabla ya kuwasha, nusa. Harufu ya kuungua haitoki kwa miaka. Tikisa kidogo usikie kama kuna kitu kinachezacheza ndani. Mulika tochi kwenye matundu ya juu: vumbi si neno, kutu ni neno, na kapasita (vile vikopo vya kuhifadhi umeme) iliyovimba kichwa ni bei ya kushusha.

Sasa washa, volyumu ikiwa chini kabisa, na usikilize (iliyolala miaka mingi ina utaratibu wake, uko mwisho wa sehemu hii). Risiva nyingi za miaka hiyo hukaa kimya sekunde kadhaa kisha ndani husikika "tak". Hiyo ni rilei ya ulinzi; imepima, imeona mambo ni salama, imefungulia spika. Isiposema "tak" kabisa, kuna hitilafu kwenye amplifaya na rilei inakataa kuunganisha. Hiyo si ya mwanafunzi. Modeli ndogo au za zamani zaidi hazina rilei, kwa hiyo soma kuhusu modeli kabla hujaondoka nyumbani.

Ikishafunguka, kabla hujachomeka spika, chukua mita, iweke kwenye milivolti za DC, na uguse tundu jekundu na jeusi la spika upande wa kushoto, kisha kulia. Chini ya milivolti 50, endelea kwa amani. Ikikaribia 100, kuna kazi inakusubiri. Ikisoma volti nzima nzima, funga mkoba, maana umeme huo ukiingia kwenye spika utaichoma koili. Muuzaji atakutazama kama mtu anavyomtazama daktari, na hilo pekee husaidia bei.

Kisha muziki. Chomeka simu kwenye matundu yaliyoandikwa AUX, kamwe si kwenye PHONO. PHONO imetengenezewa umeme mdogo sana wa sindano ya santuri, na simu itatoa sauti ya kupasuka ukadhani risiva ni mbovu. Zungusha volyumu polepole. Ikikwaruza kwaa-kwaa, usiogope, huo ni uchafu ndani ya kizungusho na dawa ya kupuliza kama DeoxIT huutoa. Zungusha balansi kushoto na kulia. Bonyeza kila kitufe mara kadhaa.

Hapo kwenye vitufe ndipo pesa ilipo. Kuna risiva ya wati 25 niliyoikuta juu ya mashine ya kufulia, kwenye chumba cha chini cha bibi mmoja. Upande wa kushoto ulikuwa bubu. Bibi akasema mume wake alisema "imekufa upande". Nikabonyeza kitufe cha kuchagua kaseti, kile kilichoandikwa TAPE MONITOR, nikakitoa na kukirudisha haraka haraka, na kwa mbali upande wa kushoto ukaanza kukohoa, kisha ukaja wote. Kitufe hicho husafirisha sauti yote ya risiva kupitia vipande vidogo vya chuma, na kikikaa miaka bila kuguswa chuma hushika kutu laini. Alitaka dola sitini, tukaishia arobaini, nikambebea na sanduku la magazeti hadi nje. Upande mmoja ukiwa kimya, jaribu hicho kwanza, halafu swichi ya MODE, halafu ile ya spika A na B.

Ngurumo ya chini isiyobadilika hata ukipunguza volyumu ni kapasita kubwa za umeme zimechoka. Taa zilizokufa si sababu ya kukataa, ni sababu ya kupunguziwa. Sindano ya masafa isiyosogea ni uzi uliokatika. Kazi ya uvumilivu, si ya pesa.

Jambo moja ambalo silitanii: usifungue kifuniko na kupeleka vidole ndani kwa sababu umeona video. Kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa ukutani. Na risiva iliyolala miaka mingi isichomekwe tu. Fundi huiamsha kupitia balbu iliyounganishwa kwa mfululizo na waya wa umeme, ili kama kuna shoti balbu ndiyo iwake, si transfoma.

Spika, na nusu ya pesa

Tenga nusu ya bajeti kwa spika. Watu hutumia pesa yote kwenye risiva kisha wanachomeka spika za redio kaseti na kusema vitu vya zamani vimetiwa chumvi. Ukinunua spika za mtumba, ondoa kitambaa cha mbele uguse kwa upole ile pete inayozunguka koni. Ikiwa ni ya sponji na imeanza kubanduka kama ukoko, itabidi ibadilishwe. Ya mpira au ya kitambaa hudumu. Soma pia omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme: risiva nyingi zimeandikwa spika za omu 4 hadi 16 ukitumia jozi moja, lakini ukiwasha A na B kwa pamoja, kila jozi iwe ya omu 8 au zaidi.

Redio yenyewe

FM si moja dunia nzima. Risiva iliyotengenezewa soko la Japani hushika megahezi 76 hadi 90 tu, kwa hiyo nyumbani, ambako stesheni zinaanzia 88 hivi na kupanda hadi 108, karibu redio yote itakuwa kimya. Aliyeko Tokyo anunue kwa ajili ya amplifaya, au atafute modeli iliyotengenezewa soko la nje ya Japani. Risiva ya Marekani inashika masafa yetu sawasawa, ila stesheni za kwetu zitasikika zimefifia kidogo kwenye sauti nyembamba, kwa sababu Amerika hukata ukali wa sauti hizo kwa kiwango cha mikrosekunde 75 na sisi na Ulaya ni 50. Ongeza treble kidogo, yatosha. Norwei walizima FM za kitaifa mwaka 2017, na redio ya umma ya Uswisi ikafuata mwishoni mwa 2024. Aliyeko huko asilipe ziada kwa sababu muuzaji anasifia redio.

Kwa Bluetooth, nunua kile kipokezi kidogo cha bei rahisi, kichomeke AUX, na nyimbo za taarabu kutoka kwenye simu ya mke wako zitatoka kwenye chombo cha mwaka 1976. Runinga nyingi mpya hutoa sauti kwa waya wa mwanga pekee, na risiva ya zamani haiujui; katikati weka kibadilishi cha dijitali kwenda analogi.

Kuipeleka nyumbani

Mashirika mengi ya ndege huhesabu begi la daraja la kawaida kuwa kilo 23. Risiva ya wati 15 hadi 35 mara nyingi ni kati ya kilo 8 na 13, kwa hiyo inaingia na nguo zako. Ile ya wati 160, Pioneer SX-1250, haiingii, na hiyo ni sababu nyingine ya kununua ndogo. Isafirishe kwenye boksi ndani ya boksi, uso usiguse ukuta wowote, vizungusho vizungushiwe sponji, na upande wenye transfoma ujazwe zaidi kwa sababu ndio mzito na ndio unaovunja uso likiangushwa. Kama unaituma kwa kontena la pamoja, iandike kwa uwazi kwenye orodha kuwa ni redio iliyotumika, na utunze risiti ndogo ya ulikonunua. Forodha wakikadiria wenyewe watakadiria kama mpya, na juu ya ushuru kuna VAT, 16% Kenya na 18% Tanzania.

Ikifika pwani, adui si umeme peke yake. Hewa ya chumvi ya Mombasa na Unguja hula vitufe, na mjusi akiingia kwa tundu la juu akalala juu ya bodi yenye joto, hufa yeye na risiva. Wavu mwembamba wa mbu chini na nyuma unatosha, mradi hewa ipite.

Kazi kubwa ya ufundi nashauri ifanyike nyumbani. Huku fundi anaweza kukutoza pesa ya kuifungua tu na kuitazama, na kubadilisha kapasita zote kukazidi bei uliyonunulia. Kariakoo na Luthuli Avenue bado kuna mafundi waliokua na vyombo hivi. Wanachokosa ni vipuri halisi. Basi wewe pakua kitabu cha ufundi, agiza kapasita na transista kutoka kwa wauzaji wakubwa kama Mouser au Digi-Key, uzito wake haufiki hata robo kilo, na umpelekee fundi mfuko mzima. Namba za transista zinakili hadi herufi ya mwisho, na kapasita zichukue za nyuzi joto 105, si 85.